Kamusi Niliyoikuta Ndani ya Laptopu ya Mtumba

Yule kijana wa Kariakoo aliyeniuzia laptopu hii alisifia kila kitu. Alisifia betri (uongo mtupu), akasifia kioo (kweli), akaigeuza kifudifudi nione haina mkwaruzo. "Dada yangu, hii ni mashine," akasema, na hilo neno mashine alilivuta kama dalali wa magari. MacBook Air ya 2015, mtumba, laki saba na nusu baada ya kuvutana nusu saa nzima. Kitu kimoja hakukitaja kabisa, nacho ndicho kilichorudisha pesa yangu: kamusi iliyomo ndani.

Mimi ni mfasiri, naishi Tanga, nafanyia kazi sebuleni. Kazi zinatoka kwenye mashirika: ripoti za miradi, miongozo ya semina, fomu za ridhaa za watafiti, mara mojamoja karatasi ya maelezo ya dawa. Ni Kiingereza kuja Kiswahili karibu siku zote. Mambo ya kompyuta siyajui zaidi ya kuwasha, kuandika na kutuma, kwa hiyo anayetaka kujua prosesa ina kasi gani atafute pengine. Ninachokijua ni kamusi. Nimezipekua tangu chuoni, na ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Kiingereza–Kiswahili niliyonayo imeshabadilishwa jalada mara mbili. Hili la sasa nimelikata kwenye boksi la biskuti.

Kuigundua hii ya kwenye laptopu kulikuwa bahati. Ilikuwa wiki ya kwanza, umeme umekatika, bando limeisha, na nina kurasa kumi na moja za kukabidhi asubuhi. Nilikuwa nimezoea kuiuliza intaneti kila neno. Basi nikawa nasoma tu huku vidole vimelala kwenye tachipedi, vitatu vikagusa kwa pamoja juu ya neno, na pap, kidirisha kikachomoza palepale juu ya maandishi: maana, matamshi, na chini yake visawe. Nikadhani bando limerudi. Nikaangalia alama ya mtandao, hamna kitu. Nikajaribu neno jingine, likaja. La tatu, likaja. Niliendelea hivyo gizani mpaka ile betri ya uongo iliponizimikia saa nne na nusu usiku, kurasa tatu zimebaki, nikamalizia alfajiri umeme uliporudi.

Hili la kufanya kazi bila intaneti nalianza mapema kwa sababu huku kwetu ndilo la kwanza. Kamusi za mtandaoni ni nzuri, lakini kila ukifungua unalipia, na siku mtandao unapolegea unakaa unatazama kile kiduara kinazunguka. Hii ipo kwenye diski. Kuna kipande kimoja cha Wikipedia mle ndani ambacho kinahitaji mtandao, na ukitaka kuongeza kamusi za lugha nyingine unazipakua mara moja, basi. Baada ya hapo unaweza kukaa nayo Pangani au Amani milimani, itakujibu.

Programu yenyewe inaitwa Dictionary tu, picha yake ni kitabu kilichoandikwa Aa. Apple walianza kuiweka mwaka 2005, kwenye mfumo waliouita Tiger, ila wazo lina umri zaidi ya huo. Steve Jobs alipoondoka Apple mwaka 1985 alianzisha kampuni ya NeXT, na kompyuta waliyoizindua mwaka 1988 ilikuja na kamusi ya Webster na maandishi yote ya Shakespeare, ndani kwa ndani. Baadaye Apple ikainunua NeXT, na mfumo wa Mac wa leo umejengwa juu ya msingi wake. Kwa hiyo kamusi hii haikubandikwa baadaye kama kalenda ukutani. Imeingia mpaka kwenye mifupa: ukiwa kwenye barua pepe, kwenye faili la PDF, kwenye ukurasa wa mtandao, programu nyingi za mle zinakubali ule mguso wa vidole vitatu. Asiyependa vidole anaweka kishale juu ya neno na kubonyeza Control, Command na D kwa pamoja.

Ukiifungua yenyewe kama kitabu, kuna raha nyingine. Kila neno lililomo ndani ya maelezo unaweza kulibofya, likakupeleka kwenye ukurasa wake, na huko nako ukabofya jingine. Nimeshaingia kutafuta neno moja la bajeti, nikatoka baada ya dakika ishirini nikiwa nasoma habari za aina za matanga ya mashua. Hiyo ni hasara kwa mwenye tarehe ya kukabidhi.

Jambo la kufanya siku ya kwanza: nenda kwenye mipangilio ya hiyo programu. Yangu nilikuta imetikiwa kamusi ya Kimarekani, New Oxford American Dictionary, pamoja na kamusi ya visawe inayokwenda nayo. Wateja wetu wengi wanaandika Kiingereza cha Uingereza, na tahajia zao ni nyingine. Kwenye orodha ileile ipo Oxford Dictionary of English na kamusi ya visawe ya Kiingereza hicho. Tiki hizo, kisha ziburute ziwe juu, kwa sababu iliyo juu ndiyo inayojibu kwanza. Ile ya Kimarekani mimi sikuitoa, kwa sababu nayo ina maelezo mazuri ya matumizi.

Sasa ubora wake. Nitatoa neno moja, "resilience", ambalo siku hizi hakuna andiko la mradi lisilo nalo. Miaka yote nimekuwa naliandika "ustahimilivu", na wenzangu wengi hivyohivyo. Siku moja nikiwa na mwongozo wa wakulima wa mabonde yanayofurika, sentensi ikanikataa. Ilikuwa inasema kaya zirudi kwenye hali yake baada ya mafuriko, na mimi naandika ustahimilivu, yaani wakae wavumilie. Nikagusa neno. Chini kabisa ya maelezo, pale wanapoweka asili ya neno, wameandika kuwa linatokana na Kilatini, lenye maana ya kuruka kurudi nyuma. Nikaacha kuandika. Kitu kilichobonyezwa kikarudi kilivyokuwa! Ustahimilivu ni wa jiwe, hiki ni cha mwanzi. Nikaandika "uwezo wa kuinuka tena", na mhariri wa upande wao, ambaye hupenda kunirudishia kila kitu na rangi nyekundu, hapo hakugusa. Sijaacha kutumia ustahimilivu, lakini sasa nauliza kwanza ni yupi anayezungumziwa.

Kisehemu hicho cha asili ya neno ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kamusi za lugha mbili hazikupi. Zinakupa neno kwa neno, kama chenji.

Visawe navyo vimepangwa kwa akili. Havikumwagi maneno sitini kwa mkupuo uchague mwenyewe. Wanagawa kwa maana, kila maana wanaipa mfano wake, na neno lililo karibu zaidi linatangulia. Utauliza, visawe vya Kiingereza vinamfaa nini anayeandika Kiswahili? Vinamfaa sana. Chukua "robust". Mwandishi mmoja alilirudia mara kumi na nne katika ripoti ya kurasa thelathini. Kwake ni neno moja, kwangu haliwezi kuwa moja. Nafungua visawe, naona mafungu: hapa linasimama na mambo ya afya ya mtu, hapa na kitu kilichojengwa kikashika, hapa na hoja isiyotikisika. Basi ushahidi nikauita madhubuti, mfumo nikauita imara, na yule babu wa kwenye picha ya ukurasa wa tisa nikamwita mkakamavu. Kamusi ya lugha mbili ingenipa "imara" na kunitupa hapo.

Kasoro za upande wa Kiingereza ni ndogo. Istilahi za sheria na tiba zipo lakini ni kijuujuu, usizitegemee kwa mkataba. Na ukiikuza sana herufi kidirisha kinakuwa kidogo kwa maelezo, unasukuma juu na chini. Basi.

Kuna kisa kimoja lazima nikisimulie. Wahariri wa ile kamusi ya Kimarekani waliwahi kupenyeza neno la uongo, "esquivalience", ili wawanase wanaonakili kazi yao. Likionekana kwenye kamusi ya mtu mwingine, ameiba. Siri ilitoka mwaka 2005. Maana waliyoipa ni kukwepa kwa makusudi majukumu ya kazi yako. Nililitafuta kwenye laptopu yangu, halimo. Nimesikitika kidogo, maana kuna maofisa nimewahi kuwafuatilia malipo ambao neno hilo lingewakaa sawasawa.

Haya, Kiswahili.

Kwenye orodha ya mipangilio kuna lugha nyingi. Mfumo ninaoutumia ni Monterey, ndio wa mwisho ambao laptopu hii inaukubali. Nilishuka orodha yote kwa kidole: Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, Kihindi, Kijapani, Kithai, Kituruki, Kinowei, Kideni. Wadeni hawafiki hata milioni saba. Kiswahili hakimo. Nikapanda, nikashuka tena, nikidhani wamekiandika kwa jina jingine.

Lakini mguso wa vidole vitatu haujui kwamba haujui. Uko tayari siku zote, na unajibu kwa Kiingereza hata ukiuuliza kwa Kiswahili. Nimewahi kukaa jioni nzima nafanya mchezo huo. Andika "tatizo si fedha bali muda", gusa "bali", unapewa kisiwa cha Indonesia. "Mali za mradi", unapewa nchi ya Afrika Magharibi, mji mkuu Bamako. "Jua kali", anakuja mungu wa kike wa Kihindu. "Pole" ni boriti. "Mate" ni rafiki. Na "dada" ni kundi la wasanii wa Ulaya wa mwanzoni mwa karne iliyopita waliokuwa wanaukejeli usanii wenyewe. Nikamkumbuka yule kijana wa Kariakoo na dada yangu, dada yangu zake.

Si kwamba Kiswahili hakimo kabisa, kuna machache yaliyozamia. Safari ipo, na wamekiri imetoka kwetu, na sisi tumeitoa kwa Waarabu. Askari yupo. Panga lipo, limeelezwa kama chombo cha Kiafrika chenye makali. Na bwana yupo. Kwao ni bosi, mkubwa wa kazi, huko Afrika Mashariki. Sikatai, ndiye waliyemsikia walipokuja. Hawakukaa ukumbini wakamsikia mwanamke wa Kitanga akisema "bwana'ngu hajarudi", wala hawakusikia "bwana wee!" inayotolewa kwa mshangao na haina bwana yeyote ndani yake.

Kabla sijaendelea, onyo kwa wapya. Mfumo una kisahihishaji kinachobadilisha maneno unapoandika. Kizime. Ukikiacha kinaiona "kama" yako kinaamini umekosea "karma". Mimi sikukizima mapema, kosa ni langu, na kuna mteja aliyepata barua yangu yenye heshima zote ikimwambia karma kuna swali lolote asisite kuniuliza. Kimo kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya maandishi. Ondoa tiki ya kurekebisha tahajia.

Nirudi kwenye kamusi. Mwanzoni nilidhani dawa ni rahisi: watu wachukue Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ya 2015, waimwage mle, kazi kwisha. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni, ndiye aliyenionyesha kwamba shida si kukosa maneno peke yake. Alichukua neno moja kwenye kazi yangu, "yanapotekelezwa", akaniuliza, "Shangazi, hili kwenye kamusi liko herufi gani?" Nikamjibu T, tekeleza. "Umejuaje?" Nikacheka. Nimejua kwa sababu mwalimu wangu wa sekondari alikuwa akisema livue neno nguo kwanza ndipo ulitafute. "Mashine haijui kuvua," akasema.

Ndipo nikaelewa. Kamusi hii kwa Kiingereza ni hodari: ukigusa "ran" inakupeleka "run", ukigusa "children" inajua ni "child". Lakini maneno ya Kiingereza yakikua huota mkia, tena mfupi: walk, walks, walked, walking, umemaliza. La kwetu huota kichwa, mkia na tumbo. Chukua "piga". Mbele weka nafsi sita. Kisha njeo, tuseme nne tu, na, li, ta, me. Kisha anayepigwa, naye ni mmoja kati ya sita au hayupo, jumla saba. Sita mara nne mara saba ni 168, utoe hizo chache zisizosemeka kama "nimenipiga". Na hapo sijakanusha. Sijaleta ngeli nyingine, mvua inatupiga, redio imepigwa. Sijanyambua: pigwa, pigia, pigana, pigisha, piganisha. Kitenzi kimoja kinajaza daftari.

Waandishi wa kamusi za karatasi walilihangaikia hili zamani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili–Kiingereza ya 1939, aliweka maneno ya mzizi mmoja kwenye nyumba moja, mpishi ukamtafute kwenye pika. Za baadaye zikafuata alfabeti, mpishi akahamia M. Njia zote mbili zinamtegemea msomaji ajue kuvua neno. Kidole kikigusa kioo hakivui chochote, kinabeba neno zima na nguo zake.

Usidhani upande wa pili wamefika mbali. Kuna ofisi moja huwa naenda kukaa nao wiki nzima wakati wa kazi kubwa, na kompyuta zao ni za Windows. Pale hakuna programu ya kamusi iliyokaa peke yake kama hii; unategemea Word, Shift na F7, zinakuja visawe pembeni. Kwa Kiingereza vinasaidia, ingawa ni orodha kavu, haikuambii tofauti ya hiki na kile. Ukiiambia Word kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili, kikagua tahajia kinafanya kazi kiasi chake, lakini visawe, kimya. LibreOffice, ambayo ni ya bure, nayo ina kikagua tahajia cha Kiswahili. Hawa wana historia: mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa ndani ya mradi huo. Kwangu kikagua chake kinanikubalia maneno mengi na kunipigia mstari mwekundu kwenye vitenzi virefu vilivyo sahihi kabisa, kwa sababu ileile ya 168. Visawe hakina pia. Kwa visawe vya Kiswahili narudi rafuni, kwenye Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, ambayo haihitaji betri lakini haitokei kwa vidole vitatu.

Sasa lile lililonifanya niandike tathmini hii. Kamusi ya Mac inakubali kuongezewa kamusi nyingine, hata uliyoitengeneza wewe. Apple wanatoa bure kifurushi cha kutengenezea, unakipakua kwao ukishajiandikisha. Sitajifanya nilikiweza peke yangu. Mpwa alikuja likizo ya Pasaka, akakaa siku mbili, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka kama malipo, akanipangia faili moja refu la maandishi. Kila neno lina chumba chake. Ndani ya chumba, juu, kuna mistari inayotaja maumbo yote yanayoruhusiwa kuingia: ukigusa "wadau", njoo hapa, ukigusa "mdau", njoo hapahapa. Chini yake unaandika maelezo yako kama unavyotaka. Ukimaliza unafungua ile skrini nyeusi ya mafundi, unaandika amri mbili alizonibandikia kwenye karatasi ukutani, kompyuta inafikiri kidogo, halafu jina la kamusi yako linatokea kwenye orodha ya mipangilio, kati ya Oxford na Wajapani. Unaitiki, unaiburuta juu.

Mara ya kwanza nilipogusa "wadau" na kidirisha kikanijibu kwa Kiswahili, kwa maneno yangu mwenyewe, niliita watu wa nyumbani waje kuona. Walitazama, wakarudi kwenye tamthilia yao.

Nimeijaza kwa njia ninayofanyia kazi. Kila kidahizo kina maana fupi, visawe nilivyoviokota, na mstari wa ugomvi: mteja gani anataka "walengwa" na yupi anataka "wanufaika", nani alikataa "jinsia" nikaandika "jinsi". Kwa nomino kazi ni nyepesi. Kijiji, vijiji, kijijini, vijijini, maumbo manne, umefunga. Vivumishi vina adha, -zuri peke yake imenipa kumi, kuanzia mzuri mpaka kuzuri. Vitenzi nilivishindwa, sitaficha. Nilianza na "tekeleza" nikafika umbo la sitini nikasema hapana. Nilichofanya ni kuweka shina na minyambuliko yake michache, tekeleza, tekelezwa, tekelezea, tekelezeka, kisha nikiwa kwenye kazi sigusi neno zima. Naburuta kishale juu ya sehemu ninayoitaka tu, kwenye "yanapotekelezwa" naanzia T, halafu nabofya kulia na kuchagua kutafuta. Inakubali. Ni kule kuvua neno nguo kulekule, ila sasa navua kwa kishale.

Basi anayeuliza kama inafaa: mfasiri, mwandishi wa habari, mwalimu wa Kiingereza, mwanafunzi anayesoma vitabu vya Kiingereza, asinunue kamusi ya programu yoyote kabla ya kuangalia hii iliyomo. Kwa Kiingereza naipa tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeizuia kwa ajili ya kile kidirisha kidogo. Anayetaka Kiswahili kiwe tayari akinunua, hatakikuta. Mwenye subira, au mwenye mpwa, anaweza kujitengenezea kipande chake. Na ukijitengenezea, lile faili refu liweke kwenye flashi pia. Laptopu za mtumba tunazijua.

Hadi jana usiku nilikuwa na maneno 431. Herufi M peke yake imekula zaidi ya robo, kwa ajili ya wale wote mdau, mnufaika, mhusika, mtekelezaji, mwezeshaji, wanaokwenda semina pamoja. Mpwa anasema nikifika mia tano atanitengenezea ukurasa wa mbele wenye picha. Nimemwambia aweke lile jalada la boksi la biskuti.